Mgahawa wa Mama Debora, Karatu: tuliukumbuka masika, tukaufungua kiangazi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, mwezi wa nne mwaka jana, mvua ikiwa imeshika Karatu tangu alfajiri, Saning'o alitupia picha moja kwenye group letu la WhatsApp.

Wakuu, heshima kwenu. Naomba niwaeleze kilichofuata baada ya picha hiyo. Sitaongeza chumvi. Nilichoambiwa nitasema nimeambiwa, na majina nimebadilisha kwa sababu wahusika wote wapo hai na baadhi wanapita humu.

Picha yenyewe ilikuwa ya kibao cha bati kilichopauka, maandishi mekundu: KWA MAMA DEBORA, CHAKULA TAYARI. Saning'o alikikuta njia ya kwenda Rhotia, mtu amekipigilia misumari kuziba tundu la banda la kuku.

Chini yake aliandika maneno mawili tu: "Wazee, nimelia."

Mpaka saa sita mchana group lilikuwa na meseji zaidi ya mia. Group hilo kwa kawaida ni la rambirambi na matangazo ya magari yanayouzwa.

Kwa msiojua, pale mjini kuna chuo cha utalii ambacho sitakitaja. Kinafundisha vijana kuwa guides, yaani waongoza watalii. Mimi sikusoma pale. Mimi ni fundi majokofu, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu vya mashine na kuharibu vya kwangu kwanza. Nilikuwa natengeneza friji za lodge, na mchana nakula na wanachuo kwa sababu chakula chao kilikuwa bei ya chini. Ndivyo nilivyoingia kwenye group lao. Wananiita Fundi mpaka leo.

Enzi hizo nje ya geti la chuo kulikuwa na sehemu tatu za kula.

Ya kwanza ilikuwa Kwa Yeyo, mama wa Kimaasai kutoka Enguserosambu. Alikuwa anauza loshoro, yaani mahindi yaliyopondwa na maziwa ya mgando, pamoja na chai ya maziwa ambayo haikuwa na maji hata tone. Alifunga siku mume wake alipomwambia ng'ombe wamezidi watu nyumbani. Akarudi kwao. Hakuna aliyemlaumu.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja wa Singida aliyekuja Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, akaona kupika kunalipa kuliko kuchuma. Mlenda wake ulikuwa unavutika mpaka unasimama ili uukate. Yeye alifunga fremu ilipobomolewa kupisha duka la vifaa vya ujenzi.

Ya tatu ndiyo ya Mama Debora, na ndiyo tuliyokula muda mrefu kuliko zote.

Mama Debora ni Mwiraqw wa hapo hapo. Alikuwa anapika makande ya mahindi yaliyokobolewa na ngwara, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe ambazo Wakenya wanazifuata mpaka shambani. Juu anamwaga vitunguu vya Baray vilivyokaangwa kwa samli mpaka vikawa rangi ya kahawia. Sahani moja ilikufikisha jioni.

Lakini watu hawakulilia makande. Walililia briefing.

Nieleze hapa, kwa sababu sijaiona sehemu nyingine. Guide akipokea wageni, kabla gari halijaondoka anasimama mbele yao na kuwaeleza: tunakwenda wapi, tutaona nini, tutarudi saa ngapi, choo kiko wapi. Hiyo ndiyo briefing, na wanachuo walikuwa wanaiogopa kuliko mtihani wa kutambua ndege wa porini. Sasa kwa Mama Debora ilikuwa desturi kwamba hakuna anayepakuliwa mpaka mwanachuo mmoja asimame mbele ya sufuria na kuifanyia briefing, kwa Kiingereza, au Kijerumani, au lugha yoyote anayosomea, kana kwamba sisi tuliokaa kwenye mabenchi ni wageni waliotoka Ulaya.

Sufuria inakuwa crater, lile shimo kubwa la volkano lenye wanyama. Ngwara ni nyati. Mahindi ni kondoo wa Wamaasai. Kipande cha nyama, kama kipo, ni faru, na guide anatakiwa kuwaomba wageni radhi mapema kwamba hawezi kuahidi faru.

Ukikwama, benchi zima linapiga kelele: "Wageni wamelala! Wageni wanataka hela yao!" Ukifanya vizuri, Mama Debora anakuongezea upawa mmoja. Yeye mwenyewe Kiingereza alikuwa hajui. Alikuwa anaangalia nani kachekesha.

Kiingereza changu mimi, hiki ninachosomea manual za compressor, nilikipata kwenye yale mabenchi.

Saning'o, kijana wa Loliondo, ndiye alikuwa mfalme wa briefing. Leo ni guide mkubwa, ana gari lake mwenyewe.

Kilichoufunga mgahawa ni mambo mawili yaliyokuja pamoja. Chuo kilijenga bwalo lake ndani. Halafu kikaja kipindi cha korona, watalii wakakatika, wanachuo wakarudishwa makwao, na Mama Debora miguu ikaanza kuvimba. Akafunga.

Sasa turudi kwenye group.

Siku ya tatu ya kulia pamoja, mtu akaandika: "Kwani haiwezekani ukafunguliwa tena?" Na mwingine akajibu: "Debora si yupo?"

Debora ni binti wa mama huyo. Ana miaka arobaini na kidogo, ana watoto wawili wanaosoma, mume hayupo. Alifanya kazi jikoni kwenye lodge moja kwa muda mrefu, na mwezi wa pili mwaka huo alipunguzwa. Alikuwa amepokea mafao yake na hajayagusa. Hana shamba, hana mshahara. Hizo fedha ndizo zilikuwa kila kitu alichonacho, na alikuwa anajiuliza azifanyie nini kabla hazijaanza kuisha kwa unga na sukari.

Alinipigia simu mimi kwa kuwa najulikana kwa kupima kabla ya kukata.

"Kaka Fundi, hawa watu wako wanasema kweli au wanacheza?"

Nikamwambia tusikisie, tuwaulize.

Nilikuwa nimesoma kidogo mambo ya utafiti wa soko. Nikaweka kura kwenye group: mgahawa ukifunguliwa, utakula pale mara ngapi kwa wiki? Wengi mno walichagua mara tatu au zaidi. Sikuridhika. Nikachagua watu bila upendeleo, nikawapigia mmoja mmoja. Wote walipokea simu mara moja. Wote walikuwa Karatu au jirani. Wote walisema watakuja. Mmoja alikuwa tayari kuja kupaka rangi bure, na kweli alikuja.

Nilimpelekea Debora majibu. Tukakubaliana: yeye anaweka fedha za kuanzia, mimi naweka friji, kazi zote za ufundi na sehemu ndogo ya mtaji. Faida robo yangu, iliyobaki yake.

Nasisitiza, wakuu, hatukukurupuka. Utaratibu ulikuwa sahihi hatua kwa hatua. Kosa lilikuwa mahali ambapo hakuna kitabu kilichonionya.

Fremu ileile ya mama yake ilikuwa inatumiwa na kijana wa stationery aliyekuwa anahama. Tukaichukua kwa miezi mitatu. Mwenye nyumba alitaka sita, Debora akakataa. Kumbukeni hilo, ndilo lililomwokoa.

Tukaenda Rhotia kwa mama yake kuchukua utaalamu. Tulimkuta amekaa juani, miguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Alinitazama kwanza, kisha akamwambia binti yake:

"Huyu ndiye mshirika wako? Huyu alikuwa anakomba vitunguu vyote juu, halafu analalamika makande hayana ladha."

"Mama, ni zamani hiyo," nikasema.

"Zamani kwako. Mimi vitunguu nilikuwa nanunua kwa hela yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaeleza kila kitu vizuri: ngwara zilowekwe usiku, maji ya kwanza yamwagwe, zisiunganishwe na mahindi mpaka zote mbili zimeiva, na samli iwe ya ng'ombe wa kienyeji. Debora akamuuliza kama anafikiri tutafanikiwa. Mama akasema, "Mimi najua kupika. Habari ya kufanikiwa waulize waliowatuma."

Tulifungua Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano.

Siku ile siwezi kuisahau na sitajaribu kuipunguza. Land Cruiser zilipangwa kutoka kwenye geti la chuo mpaka barabara ya lami. Watu walikuja na wake zao, na waume, na watoto. Mmoja alitoka Mto wa Mbu kwa pikipiki. Mabenchi yalijaa, watu wakakaa juu ya matairi ya spea.

Saning'o alisimama mbele ya sufuria, miwani kichwani, fimbo mkononi, akafanya briefing ya dakika kama kumi.

"Ladies and gentlemen, mbele yenu ni crater kubwa kuliko zote hapa Karatu. Tafadhali msishuke kwenye gari. Nyati wapo wengi. Kuhusu faru..."

"Faru yuko wapi?" benchi likapokea.

"Kuhusu faru, naomba radhi. Ameonekana asubuhi. Mpishi amemla."

Debora alikuwa ameshika upawa, anacheka huku anafuta machozi kwa mkono wa gauni. Akamwongezea.

Makande yalikuwa yaleyale. Nasema hivi kwa kichwa kilichotulia: ladha ilikuwa sawa. Sufuria zote zilikwisha kabla ya saa tisa. Picha zilizopigwa siku ile nadhani bado zinazunguka.

Jumapili tulipumzika. Jumatatu Debora alipika sufuria mbili, akizingatia kura.

Wakaja watu tisa. Wanne walikuwa mafundi wangu niliowaambia waje.

Jumanne tukasema watu bado wamechoka na sherehe. Jumatano tukasema labda hawajui kwamba tuko wazi kila siku, nikaandika kwenye group. Majibu yalikuja haraka na yalikuwa mazuri sana. Makopakopa. "Hongera dada yetu." "Tupo pamoja." Mmoja akaweka picha ya simba amelala barabarani, akaandika: "Debora niwekee sahani, niko Seronera."

Seronera ni katikati ya Serengeti. Ni mwendo wa nusu siku.

Wiki ya pili Debora akashusha mpaka sufuria moja. Makande yakilala mara moja bado yanaliwa. Yakilala mara mbili tulikuwa tunampa jirani mwenye nguruwe. Nguruwe wa jirani walinawiri, hilo lazima niliseme.

Tukageukia wanachuo wa sasa. Ni vijana wazuri, wana adabu. Waliingia watatu mchana mmoja nikiwa narekebisha mlango wa friji, wakatazama, mmoja akauliza:

"Mama, chipsi hakuna?"

"Kuna makande," Debora akasema. "Ya ngwara, na samli."

Wakatazamana.

"Samahani mama, makande tumekula boarding miaka sita."

"Haya si ya shule, mwanangu. Onja kwanza."

Akaonja kwa heshima, nusu kijiko. "Matamu kwa kweli," akasema. "Sasa chipsi mayai wanauza wapi hapa karibu?"

Debora akamwelekeza. Ningekuwa mimi nisingemwelekeza.

Nikamwambia yule kijana kwamba zamani hapa watu walikuwa wanafanya briefing kabla ya kula. Akaniambia siku hizi wanajirekodi kwa simu, mwalimu anaiangalia. Nikarudi kwenye mlango wa friji.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri upya, lakini jibu halikutoka kwangu. Lilitoka kwa Saning'o mwenyewe, kituo cha mafuta.

Ilikuwa wiki ya nne. Debora alikuwa anatoka sokoni na mimi nilikuwa nimembebea gunia la vitunguu kwenye gari langu. Tukaona gari la Saning'o linajaza mafuta, ndani wageni sita wenye kofia. Alishuka, akatukumbatia.

Debora hakuzunguka. "Saning'o, ulisema mara tatu kwa wiki. Umekuja mara moja."

"Dada, nije saa ngapi? Nimelala nyumbani usiku mmoja tangu mwezi huu uanze. Mchana nakula lunch box ndani ya crater na wageni. Kuku mkavu na yai."

"Na wenzako?"

"Wenzangu wako nyuma yangu kwenye foleni ya geti. Hii ni high season, dada. Ukimkuta guide Karatu mchana mwezi wa sita, ujue mgonjwa au amefukuzwa."

Nikamwuliza mbona nilimpigia simu akasema atakuja. Akanitazama kama mtu anayemwonea mwingine huruma.

"Fundi, uliniuliza mwezi wa nne. Mwezi wa nne nimekaa ndani, mvua, wageni hakuna, mke amenichoka. Mwezi wa nne hata ungenialika kwenye harusi ya mbwa ningekuja na zawadi."

Wale wageni wakapunga mikono. Akaingia kwenye gari, akaondoka.

Wakuu, hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Mji wetu wote unaishi kwa misimu miwili, na kila mtoto wa Karatu anajua. Mimi mwenyewe kazi yangu ya friji inakwenda hivyohivyo. Lakini nilipoweka kura sikujiuliza naiweka msimu gani. Niliwauliza watu wakiwa na muda wote duniani, nikawafungulia mlango wiki waliyoondoka.

Nikampa Debora wazo: tusubiri mvua za vuli, watarudi. Akafikiri, akasema:

"Watarudi na nini mfukoni? Low season guide anakopa mpaka vocha. Wakiwa na hela hawapo, wakiwepo hawana hela. Zamani mama alikuwa hauzii guides, Kaka. Alikuwa anauzia wanachuo ambao hawakuwa na pengine pa kula. Hao watu hawapo tena. Wamekuwa guides."

Nikaachana na wazo hilo. Tena nilimshauri afungashe lunch box awauzie guides alfajiri. Akaniambia makampuni yanazichukua kutoka lodge, anajua kwa sababu alikuwa akizifungasha yeye mwenyewe. Wazo hilo nalo likafa hapo.

Habari kwamba tunataka kufunga zilifika kwenye group, na hapa pakawa na fujo kidogo. Wengine waliumia kweli. Saning'o, ambaye moyo wake ni mzuri, akapendekeza kila mmoja atume kiasi kila mwezi mgahawa usife, hata kama haji kula pale. Watu kama hamsini wakaandika majina yao moja chini ya jingine, kwa mtindo ule wa michango mnaoujua.

Debora akatuma sauti. Nimeisikiliza mara kadhaa. Naiandika karibu kama ilivyo:

"Ndugu zangu, nawashukuru. Lakini mimi sina msiba. Mnanichangia kama nimefiwa, na mgahawa ni wa mama yangu, na mama yangu mzima, anakula. Nikipokea hela zenu nitapika kila siku, nitamwaga kila siku, na nyie mtakuwa na amani kwamba upo. Mimi ndiye nitakayekaa humo ndani peke yangu. Siwezi. Mtu akitaka makande aje nyumbani Jumapili nikiwa nimepika, sitamdai. Lakini biashara nafunga."

Mmoja akamjibu kwamba anaua historia ya watu. Debora hakumjibu. Saning'o ndiye aliyemjibu: "Wewe ulikula pale mara ngapi tangu ufunguliwe?" Yule bwana hajaandika kitu tena mpaka leo.

Tulifunga kodi ya miezi mitatu ilipoisha. Kama angelipa ya sita, angekaa mpaka iishe, kwa sababu ndivyo binadamu tulivyo na hela iliyokwisha kutoka. Meza na mabenchi vilinunuliwa na kanisa. Sufuria kubwa zilichukuliwa na mama mmoja anayepika kwenye shughuli. Friji niliirudisha dukani kwangu.

Sehemu kubwa ya mafao ilibaki. Debora akaongeza kidogo, akanunua mashine ya kufulia na kupasi, sasa anafua mashuka ya guest house tatu. Mashuka yanachafuka msimu wowote. Anaamka saa kumi na moja, saa tisa amemaliza. Nilipomtembelea mwezi uliopita tuliongea kuhusu motor ya mashine tu.

Nilichojifunza ni kifupi. Mtu anayekukumbuka na mtu anayenunua kwako ni watu wawili, hata kama wanatumia namba moja ya simu. Na ukiuliza watu swali, uliza wakiwa katika hali ileile watakayokuwa nayo siku ya kulipa. Masika usiulize habari za kiangazi.

Kwamba mgahawa ulikuwa mzuri, hilo bado nasimamia. Kwamba tuliupenda pia kwa sababu tulikuwa vijana, tuna njaa na hakuna pa kwenda, hilo nalo ni kweli, na sijui nigawanye vipi.

Mwenye uzoefu wa kufufua biashara ya zamani mahali alipo, iwe ilisimama au ilianguka, aweke hapa na atutajie msimu aliofungua. Na mliokula kwa Yeyo au kwa yule mzee wa Singida, andikeni mnachokumbuka, mradi msimtafute mtu wa kuifungua tena.

Hesabu ya mwisho, baada ya kuhesabu fedha za vyombo na mauzo yote, pamoja na ya ile Jumamosi moja: tulipoteza shilingi milioni mbili, laki moja na elfu sabini na tano.